Mikono Mitatu na Shibiri ya Veridiana

Mke wangu Veridiana alikuwa mrefu. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yametoka hapo.

Alinizidi kichwa kizima. Siku ya ndoa padri alitutazama, akatafuta kitu cha kunipandisha, akaona kibao cha kupigia magoti. Nilikataa. Nilisimama chini. Veridiana akakunja goti moja ndani ya gauni, watu wasijue. Mimi nilijua.

Alikuwa Mmakua wa Lupaso, upande wa Masasi. Kwao kulikuwa na kijito nyuma ya nyumba. Mimi ni Mmakonde wa juu, Newala, na juu kwetu hakuna kijito. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza, maji yanakwenda kutokea bondeni, na mwanamke anayafuata huko huko. Desturi ya kwao na ya kwetu ni moja: mume ndiye anayemfuata mke ukweni. Lakini mama yangu alikuwa mgonjwa, hana binti. Veridiana akasema tutakwenda kwa mama. Mama yake mzazi akalia.

"Mwanangu, unakwenda kuolewa na kiu."

"Kiu naijua, mama. Nitaizoea kabla haijanizoea."

Hakuizoea. Miaka thelathini alishuka bondeni alfajiri, akapanda na ndoo kichwani, akafika jua limeshakuwa kali. Kikombe cha kwanza alinipa mimi. Kila siku neno lake lilikuwa hilo hilo: "Kunywa taratibu. Hii imepanda mlima."

Mabomba yalikuwepo. Miaka ile yalitoa upepo tu. Watoto waliweka sikio kwenye koki kusikiliza, kama wanaosikiliza redio.

Na miaka thelathini hiyo, pale kijijini aliitwa mtu wa kuja. Si kwa ubaya. Lakini akisema jambo kwenye kikao cha akina mama, kuna mmoja atasema, "Tumsikilize na mtu wa kuja." Alicheka nao. Usiku alikuwa ananiuliza, "Baba Bertila, hivi nitafika lini?"

Nilimwambia alale.

Halafu ikaja ile miaka ya ruksa. Zamani ukitaka bolti moja unaandika barua, unangoja kibali, bolti inafika na kutu. Sasa Masasi maduka yakajaa. Sabuni ya kila rangi, mitumba, beringi ndani ya maboksi. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao kununua korosho mpaka mlangoni. Na mali za kijiji zikaanza kuuzwa. Mashine ya kusaga, ghala, na trekta.

Trekta lile lilikuwa kuukuu hata sisi tulipokuwa vijana. Wengine walisema lilikuja na Wazungu wa karanga wa Nachingwea. Mbele lilikuwa na magurudumu mawili madogo, yamebanana chini ya pua. Ukiliona kwa mbali unadhani lina miguu mitatu. Nyuma lilikuwa pana, limeketi. Kuku walitagia kwenye kiti. Hakuna aliyelitaka, kwa sababu lilishaanguka mara mbili, na dereva wa pili anachechemea mpaka leo.

Veridiana aliuza korosho zake, akalinunua. Hakuniuliza. Aliniambia tu, "Baba Bertila, wewe si uliendesha trekta kwenye mkonge?"

"Nilikuwa utingo."

"Utingo anakaa wapi?"

"Pembeni ya dereva."

"Basi ulikuwa unaona."

Ni kweli nilikuwa naona. Tulilisafisha wiki mbili. Mimi mafuta na grisi, yeye hendeli ya kuwashia. Mimi hendeli ile ilinirusha. Yeye aliizungusha mara tatu, trekta likakohoa, likawaka, kuku wakahama.

Wanawake walikuja kulitazama. Wakacheka ile miguu ya mbele iliyobanana. "Huyu anakaa kama mwali aliyefundwa," walisema. "Miguu pamoja, macho mbele." Toka siku ile likaitwa Mwali.

Mwaka huo mvua ilikuwa kidogo. Kufika Mei, visima tunavyovunia maji ya bati vilikuwa vinaonyesha sakafu. Ikaja habari ya unyago. Mabinti kumi na mmoja walikuwa wachezwe Juni, shule zikifungwa. Mjukuu wetu Dina, mtoto wa binti yetu Bertila, alikuwa mmoja wao. Bi Pili, kungwi mkuu, aliita kikao. Mimi nilikuwa naezeka jiko la jirani, nilisikia kila kitu kutoka juu.

"Mwaka huu hakuna kucheza," Bi Pili alisema. "Wageni watatoka Tandahimba, watatoka Masasi. Siku saba za kupika. Tutawapa nini, mate?"

Nikaona mkono mmoja umeinuka. Ulikuwa mrefu kuliko yote.

"Tumsikilize na mtu wa kuja," mmoja akasema.

"Maji nitaleta mimi," Veridiana akasema. "Mapipa manne kila siku. Siku saba."

"Kwa kichwa kipi?"

"Kwa Mwali."

Walicheka mpaka mmoja akamwangusha mtoto wake mgongoni, akamdaka. Bi Pili hakucheka.

"Mama Bertila, sikiliza. Ngoma ikishaitwa hairudishwi. Nikituma watu kuwaita wageni leo, basi wameitwa. Wakikuta mitungi mikavu, aibu haitakuwa ya Mwali. Itakuwa ya jina lako."

"Tuma watu."

Bi Pili akatuma watu. Mimi juu ya paa nilishika fito nisianguke.

Tukaazima tela, tukapanga mapipa manne. Zilibaki wiki tatu. Nikasema tujaribu kwanza bila maji.

Njia ya bondeni ina kona moja mbaya. Upande mmoja ukingo, upande mmoja korongo, na katikati malori yamechimba mifereji miwili. Magurudumu ya nyuma ya Mwali yaliingia kwenye mifereji vizuri. Yale madogo ya mbele, yaliyobanana, yalikaa juu ya tuta la katikati. Tuta ni mchanga. Pua ikaanza kucheza, kushoto, kulia, kama kuku anayelala amesimama kwa mguu mmoja. Kisha ikaamua. Nikaruka.

Nilipofumbua macho Mwali alikuwa ameegemea mkorosho, gurudumu moja hewani linazunguka. Veridiana alikuwa ametangulia mbele na jiwe la kuzuilia gurudumu. Alikuja mbio. Alinipapasa kichwa, mbavu, miguu. Alipoona nimekamilika akakaa chini kando yangu. Tukalitazama trekta.

"Tatizo ni miguu," alisema.

"Nimeona."

"Amefungwa miguu. Mtu hawezi kushuka mlima amebana miguu. Mimi nikishuka na ndoo naitanua. Nawe umeniona."

"Nimekuona."

"Basi tumtanue."

Ndiyo yote. Wenye elimu wangeandika barua. Yeye aliamka asubuhi akaenda kwenye magurudumu ya nyuma, akaweka kiwiko katikati ya tairi la kushoto, akapima kwa mkono mpaka katikati ya tairi la kulia. Toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, mkono mmoja. Mikono mitatu. Ikabaki nafasi, akaimaliza kwa shibiri, gumba mpaka kidole cha mwisho.

"Mikono mitatu na shibiri," akasema. "Miguu ya mbele iwe hivyo hivyo, ifuate njia ya nyuma. Nenda Masasi kwa Edson. Chukua kamba hii, nimeifunga fundo."

"Kamba ya nini? Nina kichwa."

Edson alikuwa fundi wa kuchomelea, karibu na hospitali ya Mkomaindo. Mngoni wa Songea. Wangoni na Wamakua ni watani. Babu zao walipigana vita, wajukuu wanalipana kwa maneno. Mtani anaweza kuchukua kuku wako mbele ya macho yako, nawe unamwambia asante. Na siku ya msiba, wakati wote wanalia, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha. Ni kazi yake, na asipoifanya atalaumiwa.

Nilimkuta ana ekseli ya mbele ya lori bovu, imelala uwani. Nikamweleza. Alielewa kabla sijamaliza.

"Tunaitoa ile shingo ya mbele na viguu vyake," alisema. "Tunaweka ekseli hii chini ya pua. Inashikwa katikati kwa pini moja kubwa, ichezecheze kama mti wa mizani. Upande huu ukipanda, ule unashuka, na mwili wa trekta unabaki sawa. Halafu vyuma viwili vya kurudi nyuma kuishika isikimbie. Upana?"

"Mikono mitatu na shibiri."

"Futi ngapi hizo?"

"Futi sizijui."

"Leta mkono."

Nikatoa mkono. Akaupima kwa futi kamba yake, akaandika ukutani kwa chaki. Kabla hajaondoka ukutani akageuka. "Baba, mkono uliopima trekta ni huu?"

Pale ndipo nilipokosea. Walikuwepo vijana wake wawili wanasikiliza, na mteja mwenye baiskeli. Nikaona nikisema ni wa mke wangu, atauliza tofauti gani, nitasema wake ni mrefu, watacheka. Nimechekwa kwa urefu maisha yangu yote.

"Mkono ni mkono," nikasema.

Edson akakata chuma.

Siku kumi na mbili baadaye nilirudi na ekseli juu ya lori la chumvi. Ilikuwa nzuri. Edson ameipaka rangi nyekundu. Tulimwinua Mwali kwa magogo, tukafungua shingo ya zamani, tukafunga mpya. Kazi ya siku mbili. Ilikuwa Jumatatu, na ngoma ilikuwa iingie Jumamosi. Dina na wenzake walikuwa wameshaingia ndani, hawaonekani. Mitungi ilikuwa imeshaazimwa, imepangwa kwa Bi Pili, mitupu.

Veridiana alisimama mbele ya trekta. Akafumba jicho moja. Akatazama tairi la mbele, akatazama la nyuma. Hayakufuatana. La mbele lilikuwa ndani.

Akapima. Mkono mmoja. Wa pili. Wa tatu ulipoishia, shibiri ikakosa pa kukaa.

Alikuja akaketi karibu yangu kwenye gogo, akauweka mkono wake juu ya meza ya mbao, kiwiko chini. Akauchukua wangu, akauweka sambamba, kiwiko na kiwiko. Vidole vyake vikanipita vyangu upana wa vidole viwili na zaidi.

"Baba Bertila. Edson alipima mkono wa nani?"

Nikatazama kuku.

"Baba Bertila."

"Mkono ni mkono," nikasema. Lakini safari hii kwa sauti ndogo.

"Mkono ni mkono," akarudia yeye. Nilingoja anigombeze. Nilistahili. Jina lake lilikuwa kwenye mitungi ile mitupu, na mimi ndiye niliyelikata fupi. Akafungua kinywa, na kicheko kikatoka. Alicheka mpaka akateleza toka kwenye gogo akakaa mchangani, akajifuta macho kwa kanga.

"Miaka thelathini nakunja goti," akasema, "na bado hujarefuka!"

Basi nikajua kwamba na yeye alikuwa anajua kwamba mimi ninajua. Nikacheka nami.

Kesho yake tulikuwa juu ya gari la mizigo, tunateremka Masasi, ekseli imelala katikati ya miguu yetu. Alibeba kikapu cha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Upepo ulimpeperushia kanga, akawa anapungia mkono kila mtu njiani, hata mbuzi.

"Hodi, Mmakua wa Lupaso!" alipiga kwa Edson.

"Hakuna karibu kwa Wamakua," sauti ikajibu toka ndani. "Babu yangu aliwamaliza, akabakiza mmoja. Naona kazaa."

"Babu yako alitukimbiza mpaka akachoka akaomba maji. Tukampa. Ndiyo maana upo."

Edson akatoka anacheka, miwani ya kuchomelea juu ya kichwa. Akaona kikapu, akakinyakua. "Hii mateka." Akaanza kula ming'oko pale pale.

Veridiana hakumfuata. Alikwenda kwenye nyundo yake kubwa, ile ya kunyooshea vyuma, akaikalia.

"Mtani, ondoka juu ya nyundo."

"Hainyanyuki mpaka Mwali asimame."

"Baba, mwondoe mkeo."

"Mimi?" nikasema. "Mimi simfikii."

Wale vijana wawili walicheka. Ajabu, haikuniuma.

Veridiana akanyoosha mkono akiwa amekaa. "Pima huu. Ule mwingine ulikuwa wa kuazima."

Edson akapima toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, akapiga mluzi. "Huu ni wa kuchumia embe bila kupanda." Akaenda ukutani akaandika juu ya alama ya zamani. Zikawa alama mbili, yangu chini na yake juu, kama tulivyosimama kanisani. Alizitazama, akanitazama.

"Baba, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema mkono ni mkono."

"Nilisema."

"Haya." Akamaliza mng'oko. "Mtani, hii inakata siku mbili. Nitaikata huku na huku, nitaunga bomba nene kila upande, nirefushe na fimbo ya usukani. Na nitakuja kuifunga mwenyewe. Huyu mumeo akiibeba tena, njiani itapungua."

Alifanya kazi Jumanne mpaka giza na Jumatano kutwa. Tulilala kwa dada yake. Veridiana alikaa juu ya nyundo ile kila alipohitaji kupumzika, na kila Edson alipoihitaji walivutana kwa maneno upya, mpaka wateja wakawa wanakuja kusikiliza tu. Wagonjwa waliotoka hospitali ya wilaya walisimama kwenye uzio. Mmoja alisema amepata nafuu.

Alhamisi tukapanda Newala watatu, na ekseli.

Ijumaa asubuhi Edson alifunga. Pini katikati, vyuma viwili nyuma, fimbo ya usukani, grisi. Akashusha magogo. Mwali akasimama kwa miguu yake minne. Veridiana akafumba jicho lile lile. Tairi la mbele, tairi la nyuma. Yalifuatana. Akapima, mikono mitatu, akaweka shibiri. Ikakaa.

"Amina," akasema Edson, kinywa kimejaa. Alikuwa amempata kuku wetu mmoja, tayari ameshaliwa.

Bi Pili alikuja na akina mama. Alizunguka trekta mara moja. Kisha akavua kanga yake ya juu, akaifunga kwenye pua ya trekta, kama anavyofungwa mwali siku ya kutoka ndani.

"Katoka huyu," alisema.

Vigelegele vikapigwa mpaka mbwa wakaitikia. Lakini Bi Pili aliinua mkono. "Kutoka ni kutoka. Mlima bado."

Tukashuka. Veridiana mbele na jiwe lake, mimi kwenye usukani, Edson amekaa kwenye tela kati ya mapipa anaimba nyimbo za kwao. Kwenye kona magurudumu ya mbele yaliingia kwenye mifereji yenyewe, bila kuulizwa. Bondeni wanawake walijipanga mstari, ndoo zikapita mkono kwa mkono, mapipa yakajaa.

Sasa kupanda. Mapipa manne ya maji yanavuta nyuma kama watu wazima ishirini. Nilitia gia ya chini kabisa. Mwali alinguruma, akatoa moshi, akaanza kupanda pole pole. Veridiana alikuwa anatembea kando ya gurudumu la nyuma, ameinama, jiwe mkononi. Akasema, "Twende. Twende. Twende." Sikujua anasema na mimi au na trekta.

Tukafika kona. Ule mkorosho ulikuwa bado na kidonda pale tulipoangukia. Ukingo wa mfereji wa kushoto ulikuwa umebomoka, sikuona mapema. Gurudumu la mbele la kushoto likazama, nikahisi mwili mzima unasema ruka.

Sikuruka. Niliona ekseli inainama upande wa kushoto, upande wa kulia unapanda, pini inazunguka pale katikati kama mti wa mizani, na ile pua, na kanga ya Bi Pili juu yake, imenyooka vile vile. Maji yalicheza ndani ya mapipa. Gurudumu likatoka shimoni. Tukapita.

"Mizani!" Edson alipiga kelele nyuma. "Nilisema au sikusema?"

Veridiana alilitupa jiwe korongoni.

Juu kijiji kizima kilikuwa barabarani. Nilizima trekta. Kabla hawajaanza kushusha, nilichukua kikombe, nikachota kwenye pipa la kwanza, nikampelekea mke wangu. Watu walitazama. Mwanaume wa kwetu hampelekei mkewe maji mbele ya watu. Nilimpelekea.

"Kunywa taratibu," nikamwambia. "Hii imepanda mlima."

Akanywa. "Imepanda imekaa," akasema. "Ndiyo maana tamu."

Siku saba Mwali alishuka na kupanda. Mitungi haikukauka. Wageni walikula, wakaoga, wakafua, wengine walikaa siku ya nane kwa sababu ya kuoga tu. Dina alitoka na wenzake wamepakwa mafuta, wanang'aa. Siku ya mwisho Bi Pili alisimama mbele ya wageni wa Tandahimba na wa Masasi, akamshika Veridiana mkono ule mrefu, akauinua.

"Mmekunywa maji ya huyu," akasema. "Huyu ndiye mwenyeji wenu."

Usiku huo Veridiana hakuniuliza atafika lini. Alilala kabla yangu, anakoroma.

Tulileta maji miaka tisa. Maji ya harusi, ya matanga, ya ubatizo, ya Idi. Kuna watu walijenga nyumba kwa maji yale. Mwali hakuanguka tena.

Mwaka jana, kabla ya mvua, Veridiana aliugua kifua. Hakuugua sana wala siku nyingi. Asubuhi moja niliamka nikamletea kikombe, akawa hakihitaji.

Siku ile sikuwa na akili. Watu walikuja, waliniuliza mambo, nilijibu. Vijana wa kuchimba kaburi waliuliza urefu. Nikawaambia mikono minne. Mmoja akasema nipime, nikampa mkono wangu akakatia kijiti. Hakuna aliyewaza. Mimi ndiye wa mwisho kuwaza.

Mwali alileta maji ya msiba. Aliendesha mume wa Dina. Mimi sikuweza.

Jeneza lilipofika makaburini, watu wakiimba, sauti ikatoka nyuma.

"Simamisheni! Nani kawaambia mzike kabla mtani hajafika?"

Edson. Ameota mvi, ametoka Masasi usiku kwa gari la mizigo. Miwani ya kuchomelea ameivaa makusudi juu ya kichwa. Alipita katikati ya watu, akalala kifudifudi pembeni ya kaburi, akatazama ndani.

"Shimo hili urefu gani?"

"Mikono minne, baba," kijana mmoja akajibu.

"Kwa mkono wa nani?"

Kijana akanitazama. Watu wakanitazama. Bi Pili, ameshakuwa kikongwe, aliweka kanga mdomoni, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nasema kwa mkono wa nani?"

"Wa mzee Kasiani."

Edson akainuka, akajishika kiuno. "Mnataka mtani wangu akae kaburini amekunja goti? Hamjui alivyohangaika na mkono wa mtu huyu? Huyu alimfupishia trekta, sasa anamfupishia na kaburi! Chimbeni!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Pili. Kisha akina mama wote waliosimama kwenye mstari ule bondeni na ndoo. Kisha makaburi yote. Padri aligeuka upande. Na mimi, ambaye tangu asubuhi ile ya kikombe sikuwa nimelia, nilisikia kitu kinapanda kifuani, nikadhani ni kilio. Kilikuwa kicheko. Nyuma yake ndipo kilio kikaja, vikatoka pamoja, nikaviacha.

Walishusha kijiti, wakapima na jeneza. Edson alisema kweli. Kaburi lilikuwa fupi.

Wakachimba tena shibiri moja, na vidole viwili juu yake. Veridiana alilala amenyooka.